Radhi Aliyoitaka Afande Sudi

Kwako Bakari, mume wangu uliyetangulia,

Barua ya mtu na mumewe husomwa chumbani. Hii nimeiandika isomwe na kila mtu, kwa sababu wewe walikuchafua mbele ya kila mtu, na wengi waliocheka wakati ule wangali hai. Wako hapa hapa Likoni, wapita mlangoni kwangu kila asubuhi kununua mahamri. Nataka wasome. Na yeye Sudi nataka asome.

Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Rehema amemaliza masomo na sasa anasomesha watoto wadogo kule Mtongwe. Anacheka kama wewe, anainamisha kichwa kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa ya kucheka. Mimi magoti yanisumbua, lakini karai la mafuta bado naliinua mwenyewe.

Juzi walinijia wazee wawili wa mtaa, watu wa heshima zao, wakaketi barazani. "Mama Rehema," wakaniambia, "yule mtu amekwisha kuanguka. Mpe radhi yake, yaishe." Nikawapa kahawa, nikawasikiliza mpaka mwisho, wala sikuwajibu. Jibu nakuandikia wewe. Wao watalisoma hapa.

Unakumbuka asubuhi uliyoondoka kurudi kikosini, mara ya mwisho ukiwa na miguu miwili? Rehema alikuwa amekung'ang'ania suruali. Ulimbeba hadi kwenye mteremko wa feri, ukamkabidhi kwangu, ukasema, "Nikirudi nalipaka jiko rangi. Chagua rangi." Nikakuambia kijani. Ulikuwa dereva wa lori la jeshi, na lile lori ulilipenda hata nikawa nakutania kuwa nimeolewa uke wenza na gari. Ulikwenda ng'ambo ya mpaka, huko vitani, na kila ulipopata simu ulipiga ukauliza jambo lile lile kwanza: "Mmekula nini leo?"

Kisha siku moja aliyepiga hakuwa wewe.

Nilikukuta hospitali Nairobi, mguu wa kulia haupo tangu juu ya goti, na vidole vya mkono mmoja vimebaki vya kuhesabu kwa jicho. Uliponiona ukaanza wewe kunipoza mimi. Ukanisimulia polepole, nami sijasahau hata neno. Afande Sudi, mkubwa wenu, alikuwa na haraka ya kuwahi ndege ya kumrudisha nyumbani likizo. Akakuamuru ufuate njia ya mkato. Ukamwambia, "Afande, ile njia haijakaguliwa, huenda imetegwa." Akakuambia, "Nani mwenye nyota begani, mimi au wewe?" Ukawasha lori. Yeye alipanda gari la nyuma, si lako. Bomu lililozikwa likalipukia chini ya gurudumu la mbele, upande wako. Aliyekuchomoa kwenye moto ni Kazungu, askari mwenzako aliyekuwa amekaa nyuma ya lori. Afande Sudi hakushuka garini mpaka moshi ulipotulia.

Ulinisimulia bila chuki. Hapo ndipo tulipokuwa mbalimbali, mimi na wewe. Wewe ulikuwa mtu wa kusema "kazi ni kazi." Mimi hata wakati ule nilikuwa tayari nimekwisha kulihifadhi lile jina.

Tukakurudisha nyumbani. Nakumbuka jinsi mguu usiokuwepo ulivyokuwasha. Ungeniita, "Mwanakombo, nikune unyayo," nami ningekuna shuka, pale ambapo unyayo ungekuwa, nawe ungefumba macho useme, "Hapo hapo." Tulicheka, na tukicheka nilikuwa natazama ukutani ili usinione uso. Ulinifundisha kukufunga kigutu chako kwa bendeji kama ulivyofundishwa hospitali. Ulisema, "Subiri tu. Bodi ya jeshi itaniita, nitapewa posho ya ulemavu, nitapewa na mguu wa bandia. Nitalipaka jiko rangi."

Bodi ikakuita. Tulikwenda mimi na wewe, na yale magongo mapya yaliyokuwa yakikuchubua makwapa. Uliingia ukaketi mbele ya wale wakubwa, mimi nikaambiwa ningoje nje. Lakini mlango haukushika vizuri. Nilimsikia Sudi kwa masikio yangu, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa, akisema kuwa ulichukua lori bila ruhusa, ukatoka kambini kwenda kununua miraa. Kwamba yeye ndiye aliyekufuata kukuokoa, na katika kukuokoa sikio lake likaharibika kwa mshindo.

Wewe hujawahi kutia jani la miraa mdomoni. Hata tambuu hukula. Ulikuwa na haki ya kupiga makelele mpaka paa likapaa. Nilichosikia kutoka kwako ni neno moja tu: "Afande?" Ulilisema kama mtoto anayemwuliza babake kama kweli ndiye aliyempiga.

Kazungu hakuitwa. Alikuwa angali vitani. Basi wakubwa wakashika neno la afisa, wakaamua kuwa ulijiumiza mwenyewe kwa utovu wa nidhamu. Posho ya ulemavu ukanyimwa, mguu wa bandia ukanyimwa, na matibabu pia. Sudi kwa lile sikio lake akaandikiwa posho ya majeruhi na akapandishwa cheo. Mimi wale wa bodi sikuwahi kuwawekea kisasi. Waliambiwa uongo wakauamini. Nilimjua mwenyewe wa kumwekea.

Neno likafika Likoni kabla yetu. Vijana wa kona wakakuita Bakari Veve, maana veve ndiyo miraa kwa lugha yao. Ulikuwa ukipita na magongo wakakupigia mluzi, "Veve, umetuletea?" Watu wazima wakajifanya hawasikii. Wewe uliyekuwa ukiswali safu ya mbele ukarudi nyuma, safu baada ya safu, mpaka ukaanza kuswali nyumbani. Ukawa hutoki. Uliagiza mguu wa mbao kwa fundi, ukakuchubua, kigutu kikachimbika kidonda, na kidonda kikawa hakisikii dawa tulizoweza kununua. Ile hospitali iliyokuwa haki yako ilikuwa imefungwa kwa ulimi wa mtu mmoja.

Siku zako za mwisho nilikuwa nalia pembeni ya kitanda, ukanishika mkono kwa vile vidole vyako vilivyobaki. "Usiulilie mguu," ukasema. "Jina, Mwanakombo. Jina langu."

Basi nikanyamaza kulia. Walipokubeba kwenda kukuzika, wanawake wakanishika wakidhani nitaanguka. Sikuanguka. Nilikuwa nasema na Sudi moyoni. Nilimwambia: hata ukijificha ndani ya chupa ukajiziba, nitakutoa.

Miaka ikapita, Bakari, na watu wakadhani nimepoa. Mjane mpole, muuza mahamri. Hawakujua kuwa kila alfajiri nikikanda ule unga nilikuwa nakanda shingo yake. Nilijua alistaafu kwa heshima. Nilijua amejenga nyumba Kiembeni, ya ghorofa, na kwamba kwenye sherehe humwita shujaa, hukaa viti vya mbele akitega sikio lile jingine ili watu waulize limefanya nini. Sikumfuata. Marehemu mamangu alikuwa akisema mwenye deni hupita mwenyewe mlangoni pako.

Akapita. Ilikuwa baada ya alasiri, naanika leso uani. Nikasikia hodi, kuangalia, ni yeye, na kanzu nyeupe na bakora. Akatoa salamu. Nikaitika, kwa kuwa kuitika salamu ni faradhi, na faradhi yangu sikutaka kuiharibu kwa ajili yake. Shikamoo sikumpa.

"Bibi," akasema, "Mungu akipenda mwaka huu naenda hija. Napita kwa watu kutaka radhi. Kama kuna neno lililotokea baina yetu, nisamehe."

"Kama kuna?" nikamwuliza.

"Mambo ya kazi, bibi. Wajua jeshi lilivyo."

"Jeshi silijui. Nakujua wewe. Litaje hilo neno."

Akatazama nyuma, akaona Rehema amesimama mlangoni. Akashusha sauti. "Nilisema jambo juu ya marehemu ambalo halikuwa kweli."

"Jambo gani?"

"Kuhusu miraa. Na ile amri ya njia."

Bakari, nilikuwa nimelingoja neno lile miaka yote, na lilipotoka lilikuwa dogo, kama mtu aliyetema kokwa. Nikamwambia, "Vyema. Sasa nenda ukayaseme hayo afisini ulikomsingizia. Halafu uje uyaseme msikitini kwetu. Ukimaliza, njoo tuzungumze radhi."

"Bibi, nikisema hayo wataninyang'anya haki yangu. Nina watoto."

"Na Bakari alikuwa na nini? Kuku?"

Akaondoka. Kesho yake akatuma gunia la mchele, sukari na mafuta, bila neno. Rehema alitaka tuvirudishe. Nikamwambia mchele hauna dhambi. Nilipika wote, nikakusomea khitma, nikaita mtaa mzima, na kila niliyempa sahani nilimwambia, "Karibu. Huu ni wali wa Afande Sudi, aliyemsingizia Bakari. Amekuja kwangu mwenyewe kukiri." Wengine walishindwa kumeza. Wale vijana wa kona, sasa ni wababa wenye vitambi, niliwapakulia mara mbili.

Lakini Likoni kujua hakukunitosha. Kiembeni hawakujua. Nikavuka feri nikaenda Mishomoroni kumtafuta Kazungu. Amestaafu, anafuga kuku wa mayai, amezeeka kabla ya siku zake. Aliponiona akaketi chini vumbini.

"Shemeji," akaniambia, "nilirudi nikakuta yamekwisha kuamuliwa. Nikaambiwa nikifungua mdomo nitafuata njia ya Bakari. Nilikuwa na sare, nikanyamaza."

"Na sasa?"

"Sare nimevua."

Siku ya kumuaga Sudi kwenda hija nilivaa buibui langu jipya, nikatangulia na Rehema. Walikuwa wamepiga hema mbele ya nyumba, wanaume upande huu, wanawake upande ule, pazia katikati. Biriani inanukia. Hakuna aliyenijua. Mkewe, mama wa heshima, alinikaribisha kwa mikono miwili akanipa marashi. Nilimwonea huruma, nakwambia kweli, lakini huruma haikunirudisha nyuma.

Baada ya dua Sheikh akampa kipaza sauti. Sudi akasimama, akasema yale wanayosema wote waendao: kama kuna aliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, anaomba asamehewe. Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumekusamehe!"

Nikasimama. "Mimi sijakusamehe."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nikasikia sufuria zikichemka nyuma ya nyumba. Mtu akasema, "Nani huyo? Mketisheni." Sheikh akainua mkono. "Mwacheni. Bibi, una haki gani kwake?"

Nikasogeza pazia. Nikasema, "Mimi ni mjane wa Bakari, dereva wake. Alimwamuru kupita njia yenye mabomu, mguu ukakatika. Kisha akamsingizia kuwa alikwenda kununua miraa, ili lawama isimfike. Mume wangu akanyimwa posho ya ulemavu, akanyimwa matibabu, akafa na kidonda. Na huyu anakula posho ya sikio kwa kusema alikwenda kumwokoa."

Sudi akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Jamani, huyu mama ana majonzi. Tumwombee."

"Afande." Ilikuwa sauti ya Kazungu, amesimama ukingoni mwa hema, kofia mkononi. "Mimi nilikuwa nyuma ya lori. Nilimtoa Bakari kwa mikono hii. Wewe ulikuwa umefunga vioo. Niulize mimi."

Hapo aliyeuliza hakuwa Sheikh, wala mimi. Alikuwa mkewe. Alitoka upande wa wanawake, akaenda mpaka mbele ya mumewe, akamwambia taratibu, "Sudi. Ni kweli?"

Akatazama watoto wake. Akatazama ile biriani. Bakari, ulipaswa uwepo umwone yule mwenye nyota begani akitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu. Akaketi. "Ni kweli," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, kwa hiyo Kiembeni nzima ikasikia.

Sheikh akamwambia, "Ndugu yangu, haki ya mtu haioshwi kwa maji ya Zamzam. Irudishe kwanza." Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kula.

Hakwenda hija mwaka ule. Alikwenda afisini, mimi na Kazungu tukiwa nyuma yake kama askari na mahabusu, akayasema. Haikuwa kazi ya siku moja. Tulirudishwa, tukangojeshwa, tukaitwa tena. Lakini mwishowe ukatamkwa ukweli: Bakari aliumia kazini, akitii amri. Posho yako ya ulemavu sasa naipata mimi kama mjane wako. Imekuja wakati wewe huna kidonda cha kutibu wala mguu wa kuvalisha kiatu. Imamu wetu alisimama Ijumaa akalitaja jina lako kamili, jina la babako na la babuye, akasema uliyezuliwa umetakaswa. Wanaume walitoka msikitini wakaja kunipa mkono, wengine wanalia. Niliwapa mkono. Waliokuita Veve niliwatazama machoni mpaka wakainama.

Yeye posho yake ilikatwa, akatakiwa arudishe aliyokula. Nyumba ya Kiembeni akaiuza. Sasa amepanga vyumba Mikindani, na shujaa hawamwiti tena. Niliposikia, nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikapika kaimati nikala mwenyewe, sukari tele. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kukionja, au walikila kabla hakijaiva.

Mwezi uliopita akaja tena. Peke yake safari hii, kwa miguu kutoka kwenye feri, kanzu imepauka. Alisimama nje ya mlango. "Bibi, nimerudisha yote," akasema. "Nimesema kila mahali. Sina kitu tena. Nipe radhi nife."

"Umerudisha ya serikali," nikamwambia. "Ile miaka aliyoswali nyumbani kwa aibu, umeileta? Iko wapi?"

Akanifungulia viganja vitupu.

"Basi nenda."

Rehema alikuwa anasuka ukili wa mkeka ndani. Alipomwona akiteremka njia, anashikilia ukuta, akalia. "Mama, yatosha," akaniambia. "Baba angemkaribisha maji."

Ni kweli. Ungempa maji. Ungemwambia, "Kazi ni kazi, Afande," na ungemsindikiza na magongo yako mpaka barabarani. Mimi mtoto nimemwambia kuwa babake alikuwa mtu mwema kuliko mamake, naye alichague lililo jema. Kama yeye anataka kumsamehe, simkatazi. Lakini yangu mimi haijatoka. Wale wazee wa mtaa wasije tena wakanywa kahawa yangu bure. Nimeingia ndani nikajitazama vizuri, kama mtu apekuaye sanduku, nikitafuta radhi ya Sudi. Sikuiona.

Lala, Bakari. Jina lako ni safi, hakuna atakayelichezea tena nikiwa hai, na Rehema naye nimemfundisha ulimi. Sisi wengine tutakuja kwa zamu zetu.

Na jambo moja la mwisho, mume wangu. Nakujua moyo wako ulivyo laini. Huenda huko uliko umekwisha kumsamehe zamani, tangu siku ile pale mbele ya bodi. Kama umemsamehe, usije ukaniambia, hata ndotoni.

Mkeo,
Mama Rehema
Likoni